Boti Lililokula Jumapili Zetu

Boti letu lilikuwa na harufu tatu, na kila harufu ilikuwa na makao yake. Nyuma, chini ya mbao za kukanyagia, ilikaa dizeli. Ndani ya kibanda, penye vitanda viwili vyembamba vya kulalia ubavu, ilikaa harufu ya godoro lililolowa tangu enzi za mwenyewe wa kwanza. Na mbele kabisa, omoni, palinuka kama samaki aliyesahauliwa mfukoni mwa kanzu. Huyo wa tatu tulimtafuta miaka yote, hatukumpata, tukamuuza pamoja na boti.

Lilikuwa boti la mbao, urefu wa futi 28, la aina waliyoipenda wageni waliokuja kuvua nduwaro na sulisuli. Lilijengwa hapa hapa Mombasa, mbao za mvule, na kibanda chenye madirisha ya kioo yaliyokataa kufunguka wakati wa joto na kukataa kufungika wakati wa mvua. Mwenyewe, Mzungu mmoja mzee, alikuwa akirudi kwao katika miaka ya themanini. Mimi nilikuwa karani bandarini Kilindini; shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa mwalimu wa kemia. Sisi sote wawili tulikuwa na mapenzi mengi na fedha kidogo, na yule mzee akakubali tulipe kwa mafungu. Mke wangu alipopata habari alituangalia, mumewe na nduguye, akasema, "Haya, hongereni. Mmeoa mke wa pili, tena mmoja kwa wawili."

Tulilifunga Mtwapa, ndani ya ule mkono wa bahari, wakati kando zake zilikuwa bado mikoko na minazi zaidi kuliko kuta. Asubuhi ulisikia kaa wakitembea kwenye tope, na mbali kidogo mtu akiponda kitu kinuni. Wavuvi waliopita na madau yao walitutazama tukihangaika na kamba, na siku zote alikuwepo mmoja wa kusema kwa sauti ya kutosha kusikika: "Dau la mnyonge haliendi joshi." Nasi tulimjibu kwa kumalizia methali yenyewe: likienda joshi, ni Mungu kupenda.

Sasa nikueleze matengenezo, maana kumiliki boti kuukuu ni matengenezo. Safari huja zikipatikana. Kusi likianza kuvuma mwezi wa Aprili bahari huchafuka, maboti ya kuvulia samaki wakubwa hupumzika mpaka karibu Agosti. Huo ndio wakati wa kupiga rangi. Bahati mbaya ndio wakati wa masika pia. Nimewahi kuona rangi ikitelemka ubavuni na kuingia majini huku shemeji ameishika brashi, hajui ailaumu rangi au mvua.

Chelezo hatukuwa na fedha za kulipia, kwa hiyo tulitegemea mwezi. Bamvua la Mombasa hujaa karibu saa kumi alfajiri na kupwa karibu saa nne asubuhi, na tofauti ya maji hupita mita 3. Basi mwezi ukiandama au ukiwa mpevu tulikuwa pwani gizani, tunalivuta boti mpaka kwenye mchanga, tunalitegemeza kwa magadi kushoto na kulia, tunakaa chini na chupa ya chai kusubiri maji yatuachie. Jua likichomoza, tumbo lote liko wazi, limejaa majani ya bahari na viganda vya chaza. Hapo hakuna hadithi. Mnakwangua, mnaosha, mnaziba, mnapaka, na maji hayo yanarudi, hayakungojei umalize sigara.

Aliyetuzibia alikuwa mzee mmoja, fundi wa kalafati aliyezaliwa Lamu. Alikuja na kikapu chake cha ukindu: chembeu kadhaa, nyundo ya mti, pamba na kopo la mafuta ya nazi. Aliisokota pamba pajani mpaka ikawa uzi mnene, akaichovya mafutani, akaisukuma kati ya ubao na ubao, kisha akaanza kugonga. Ko, ko, ko. Mimi nilidhani anagonga tu. Siku moja akanishika mkono akaniambia nisikilize.

"Mwanangu, ubao hausemi uongo. Ukilia hivi, una njaa. Ukilia hivi, umeshiba."

Na kweli, sauti ilibadilika: mwanzoni nzito na iliyofifia, mwishoni kavu, inakurudia sikioni. Tangu siku hiyo, nikiwa mbali upande wa pili wa boti, nilijua kazi imefika wapi bila ya kuinua kichwa.

Hakuipenda rangi yetu nyekundu ya dukani. Yeye alikuwa mtu wa deheni, chokaa na shahamu zilizopondwa pamoja, inayopakwa chini ya chombo kuwazuia wadudu wanaotoboa mbao. Na juu ya maji alitaka sifa, mafuta ya papa, ambayo yakipakwa Mtwapa yananuka hadi Kikambala. Alilifungua kopo letu, akanusa, akakunja uso: "Hii yaua wadudu, ama yaua fundi?" Shemeji akaanza kumweleza habari za shaba iliyomo ndani ya rangi ile na jinsi inavyowachukiza viumbe wa baharini. Mzee alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, akasema, "Vyema, mwalimu," akaenda kunawa mikono.

Kitu ambacho hakuna aliyetuonya ni kwamba boti la mbao likikaa nchi kavu kwa muda mrefu hukauka likafunguka, na likirudi majini hunywa kwanza. Mara ya kwanza tulipolishusha baada ya kulipandisha msimu mzima, maji yaliingia kila upande, na mimi na shemeji tukakesha tukifua maji kwa kopo na ndoo, mmoja ngamani, mmoja mlangoni. Fundi wetu alikuja asubuhi, akatazama, akaagiza mahamri na mbaazi. "Linakunywa," alisema. "Likitosheka litaacha." Likatosheka jioni, mbao zilipovimba na kubanana. Sisi tulikuwa tumetosheka zamani.

Injini ya kwanza ilikuwa ya petroli, na hiyo ilimnyima shemeji usingizi. Alijua kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini ya boti ukingojea cheche. Alimkataza nahodha wetu kuvuta sigara chomboni, na nahodha, mvuvi mtu mzima aliyewahi kuvuta sigara katikati ya dhoruba, aliliona jambo hilo kuwa ni dharau. Ili kuleta amani nyumbani na baharini, tukachanga tukanunua injini ya dizeli iliyotumika, Perkins 4.236: silinda 4, inchi za ujazo 236. Kuiweka tulisimamisha magogo matatu ya mkoko, tukaning'iniza cheni bloki, na nusu ya vijana wa Mtwapa wakaja kutupa amri. Iliposhuka na kukaa mahali pake bila kumvunja mtu mguu, tulipigiwa vigelegele kama tumeoza binti.

Injini ile ile ilikuwamo kwenye matrekta. Massey Ferguson walikinunua kiwanda cha Perkins mwaka 1959, na 4.236 ililima mashamba mengi kabla ya kufika kwetu. Kwa hiyo gasketi, ringi za pistoni na nozeli hatukuzitafuta kwa wauza vyombo vya bahari, ambao wakisikia neno boti bei hupanda peke yake. Tulikwenda duka la vipuri vya matrekta mjini, na kisichopatikana kililetwa kutoka Nakuru kwa basi la usiku. Mwenye duka alituzoea akidhani ni wakulima.

"Shamba lenu liko wapi hasa?" aliniuliza siku moja.

"Nje ya Mtwapa," nikamwambia. "Linaanza pale mwamba unapoishia."

"Na mwapanda nini huko?"

"Twapanda chambo, twavuna nguru."

Alicheka mpaka akatupunguzia bei, na tangu siku hiyo akiniona mlangoni huuliza mvua zimekuwaje.

Vipo visivyopatikana kwenye trekta. Pampu ya maji ya chumvi, kwa mfano, ina gurudumu la mpira lenye makucha, impela, nalo likikosa maji kwa dakika chache huungua na kumeguka. Adui yake mkubwa alikuwa mfuko wa plastiki. Mfuko huelea chini kidogo ya uso wa maji, boti linapita, tundu la kufyonzea linaunyonya, na mara unasikia injini inabadilisha pumzi. Kijana wetu wa chombo alijifunza kuruka majini na kisu mdomoni kabla hata hajaambiwa. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ile mwezi wa Agosti 2017 nilikuwa nimeshastaafu bahari, lakini nilikaa kibarazani nikafurahi kwa niaba ya impela zetu zote.

Halafu kulikuwa na zinki. Rafadha ya shaba, shafti ya chuma na maji ya chumvi vikikutana, umeme mdogo huanza kula chuma kimyakimya. Dawa yake ni kufunga kipande cha zinki karibu, kiliwe chenyewe. Shemeji aliipenda kemia hiyo kuliko chochote kilichokuwemo chomboni. Alikuwa akienda na kipande kilicholiwa shuleni kuwaonyesha wanafunzi. Mke wangu hakushawishika. "Yaani mwanunua chuma ili kioze?" Ndiyo, tulimwambia, kwa makusudi, tena kila mwaka.

Katika miaka ya tisini shemeji akaleta kifaa cha GPS. Nahodha alikizunguka kama anachunguza samaki asiyemjua. Yeye aliupata mlango wa Mtwapa kwa kulinganisha mnazi mmoja mrefu, uliopinda shingo, na paa la nyumba nyuma yake. Vikikaa mstari mmoja, uko salama. Wakati huo Marekani ilikuwa ikipunguza makusudi usahihi wa mawimbi wanayopata raia, na kifaa kiliweza kukosea hata mita 100. Waliacha kufanya hivyo Mei 2000. Mita 100 ni nyingi mno unapotafuta mlango mwembamba kwenye mwamba unaovunja mawimbi. Kifaa kikatwambia tumeshaingia, nasi tunaona povu mbele ya omo. Nahodha hakusema neno. Aligeuza usukani, akawasha sigara yake, na safari hiyo shemeji hakumkataza.

Lakini miaka michache baadaye nahodha alikuja kwangu amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Mnazi umekatwa. Kiwanja kimeuzwa, linajengwa jumba la ghorofa la kupangisha. "Wamenikatia ramani," alisema, na hakuikubali hata chai. Ghorofa lilipoisha alijifunza kulitumia badala ya mnazi, kwa sababu bahari haingoji, ila kila tulipopita alilitazama kwa jicho la pembeni.

Mambo yalianza kubadilika hivyo, moja moja, wala hakuna aliyetangaza. Yalikuja maboti ya faiba, mepesi, yasiyokunywa maji wala kuhitaji pamba. Zilikuja injini za kufunga nyuma, zinazoinuliwa na watu wawili. Mzee wa kalafati alifariki, mwanawe anaendesha bodaboda, na sijui nani atamlaumu, maana abiria hulipa papo hapo. Si kwamba ufundi umekwisha kabisa. Lamu wapo mafundi waliounda Flipflopi, chombo cha plastiki kuukuu na kandambili zilizookotwa pwani, kilichoingizwa majini 2018 na mwaka uliofuata kikasafiri hadi Unguja. Nilipoona picha yake nilicheka peke yangu: ile mifuko iliyotuunguzia impela, leo imekuwa ubao na inapigwa randa.

Letu tuliliuza magoti yetu yalipokataa ngama. Walilinunua wavuvi, wakakata kibanda na vitanda vyake, wakaweka sanduku la barafu. Perkins waliitoa, na baadaye nikasikia iko shambani huko ndani ya Kilifi, inasukuma maji ya mboga. Nilimpigia simu yule mwenye duka la vipuri nikamwambia injini imerudi kwao.

Mjukuu wangu ana boti la faiba sasa, na mtambo wa Yamaha nyuma. Juzi lilimharibikia. Alitazama video kwenye simu, akaagiza kipuri, kikaletwa mpaka mlangoni, akakifunga mwenyewe kwa nusu saa, akanawa mikono akaenda zake kwenye shughuli nyingine. Nilimwambia amefanya vizuri, na ni kweli, amefanya vizuri. Lakini kazi hiyohiyo kwetu ingekula Jumapili nzima: ingemleta fundi na kikapu chake, nahodha na manung'uniko yake, vijana wa kutoa amri, shemeji na kemia yake, na mke wangu angetuma sufuria ya pilau huku akilaani boti. Nilimuuliza mjukuu alikula na nani siku ile. Akanitazama kama sikuelewa habari yenyewe. "Babu," akasema, "nimekwambia ilikuwa nusu saa tu."