Milima ya Hariri Inayochomekwa kwenye Umeme

Kwetu Kariakoo neno feki ni tusi. Ukiuziwa feki umelizwa, kwisha. Mwenye fikra hizo akifika Hangzhou, huko China, ajiandae kuchanganyikiwa kidogo.

Wafanyabiashara wetu wengi wanaokwenda China kufuata mzigo huishia Yiwu. Mimi nilikwenda na shangazi, mtu wa mapazia na mashuka. Siku aliyopumzika nikamvuta hadi stesheni, na kwa treni ya kasi Hangzhou haifiki hata saa moja. Kuna ziwa la Xi Hu, vilima vyenye ukungu, wapenzi na miavuli yao. Tamu! Lakini ziwa kila mgeni analisifu, mimi twende dukani.

Hangzhou ni mji wa hariri tangu enzi na enzi. Katikati ya mitandio na tai nikaona milima inang'aa ukutani. Nikadhani televisheni. Kumbe ni hariri nyembamba iliyochapwa mchoro wa kale, ikavutwa kwenye fremu ya mbao, na nyuma yake ukanda wa vitaa vidogo na plastiki nyeupe ya kutawanya mwanga. Binti wa duka akazima taa za juu. Nakwambia msomaji, nilinyamaza! Wachoraji wa wino wa Kichina hawapaki rangi ya ukungu, wanaacha tu patupu. Sasa taa ikiwaka kwa nyuma, pale patupu ndipo panapowaka zaidi, na mlima unabaki mweusi mbele yake.

Mchoro wenyewe una visa. Aliuchora mzee Huang Gongwang kati ya 1347 na 1350, akiwa na zaidi ya miaka 75, akifuata mto Fuchun ambao hauko mbali na Hangzhou. Mwaka 1650 hivi tajiri aliyeumiliki, Wu Hongyu, yuko kitandani anakufa, akaamuru uchomwe moto aondoke nao. Roho mbaya gani hiyo! Mpwa wake akauchomoa motoni, lakini ulishakatika vipande viwili. Kifupi, kama sentimita 51, kiko makumbusho ya Zhejiang hapo hapo Hangzhou. Kirefu, zaidi ya mita 6, kiko Taipei, Taiwan, na mnajua pande hizo mbili zinavyotazamana. Mwaka 2011 vilikutanishwa Taipei kwenye maonyesho, kisha kila kimoja kikarudi kwake.

Sasa feki. Mfalme Qianlong alipata nakala ya mchoro huo mwaka 1745, akaipenda, akaiandika maandishi yake mpaka nafasi ikaisha. Mwaka uliofuata ukaletwa ule wa kweli. Akautazama, akasema huu ndio wa bandia! Ndiyo maana wa kweli ulipona, haukujazwa maandishi yake.

"We mtoto wa kaka," shangazi akaninong'oneza, "si ndiyo feki hii unayoikodolea macho?"

Nikamwonyesha. Kwenye ile hariri vipande vyote viwili vimekaa pamoja, kile cha Hangzhou kikifuatiwa na kile cha Taipei, na pengo la moto katikati. Atakayetaka kuviona vya kweli avuke bahari, na bado asivikute, maana karatasi ya zaidi ya miaka 600 haianikwi kila siku. Kama hiyo ni feki, mimi naichukua.

Shangazi hakujibu. Aliivuta kalkuleta ya yule binti, wakaanza kuandikiana namba, huyu akipandisha, huyu akishusha. Akaondoka na nne za kuuza. Mimi nina moja ndogo, iko juu ya kitanda changu.

Ukienda, jaribu taa hapo hapo dukani. Plagi yao ina miguu miwili bapa, soketi zetu za miguu mitatu haziitaki, nunua na adapta. Na usiitundike panapopigwa jua, hariri inapauka upesi.