Subira Haikatazi Kudai Haki



Tukikutana kwenye hina, mazungumzo huwa ni nguo, pambo na mahari. Leo tuzungumze njia tunazopita kufika huko. Sisi wakaazi wa kisiwa cha Mombasa twazijua: tofali lililong'oka, mtaro usio na kifuniko, njia ya miguu inayokatika ghafla na kututupa kwenye magari. Mtu amevaa buibui, mkono mmoja amebeba mtoto, mwingine ameshika pindo. Shimo atalionea wapi?

Mwenzetu mmoja alitumbukia mtaroni jioni, akirudi kwa fundi kuchukua nguo yake ya harusi. Zilibaki wiki 3. Alivunjika mguu, na siku ya kupambwa alikaa kitini na plasta. Kila aliyekuja kumtazama alisema lile lile: ni qadar, shukuru Mungu u hai. Ni kweli, nasi twaliamini. Lakini pesa za pambo zilikwenda hospitali, na mtaro ukabaki wazi.

Je, kuamini qadar kwamwondolea jukumu aliyepewa amana ya njia? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa kero njiani ni tawi la imani. Inasimuliwa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alihofia kuulizwa na Allah hata juu ya mnyama aliyejikwaa Iraq kwa sababu yeye hakuitengeneza njia. Ikiwa mnyama ana haki hiyo, seuze bi harusi? Mafakihi nao waliandika tangu zamani kwamba anayechimba shimo katika njia ya watu bila idhini huwajibika kwa atakayetumbukia.

Sheria ya Kenya pia haikutuacha. Katiba ya 2010 imezipa kaunti barabara za kaunti na taa za mitaani, na barabara kuu za taifa ziko chini ya Serikali Kuu. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuuliza: hapa nilipoanguka ni kwa nani?

La pili ni wakati. Kesi ya madhara dhidi ya mtu wa kawaida ina miaka 3. Dhidi ya Serikali ni miezi 12 tu. Wengi wetu miezi hiyo humalizika tungali twauguza mguu.

La tatu ni ushahidi. Piga picha ya shimo siku hiyo hiyo, kabla halijafukiwa. Weka kitu kando yake ili kina chake kionekane. Hifadhi karatasi za hospitali na risiti zote, na uchukue nambari za simu za walioona. Kama jirani alikuwa amelalamika kwa barua hapo nyuma, nakala yake ni dhahabu, kwani yaonyesha wahusika walijua wakanyamaza.

Mahakama ya Kadhi haisikilizi kesi hii. Yake ni hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mwone wakili mapema. Wala tusidanganyane: ni lazima uthibitishe uzembe, na ikionekana nawe hukuangalia ulipokanyaga, fidia yaweza kupunguzwa. Hata ukishinda, mali ya Serikali hainadiwi ili ulipwe, kwa hivyo malipo yaweza kuchelewa.

Baadhi yetu huona haya: mwanamke mwenye stara afuate nini kortini? Tumkumbuke Khawla bint Tha'laba (R.A.). Alipeleka shauri lake kwa Mtume, akajadiliana, na Allah akamsikia, ikateremka Suratul Mujadila. Hakuna aliyemwambia kuwa amekosa subira.

Subira ni kutomnung'unikia Mola. Kumwambia mwenye dhamana azibe mtaro ni jambo jingine, na huenda likamwokoa bi harusi wa kesho.

Allah azilinde hatua zetu na awape shifaa walioumia. Amin.