Mafuta Ndani ya Chemba

Chemba ni sehemu ya nyuma ya mtutu, mahali risasi nzima inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Jicho lisilozoea huona tundu tu. Kumbe tundu hilo lina kitako kipana, kuta zenye mteremko, bega, shingo, kisha koo fupi ambalo kichwa cha risasi hulipita kabla ya kushikwa na michirizi inayokizungusha. Fundi wa silaha aliyetumikia askari wa Homa Bay na Migori, ambaye ndiye mwandishi wa kumbukumbu hizi, alilijua umbo hilo kwa tochi na ncha ya kidole miaka mingi kabla hajalijua kwa vipimo.

Fataki ikigongwa, baruti huwaka na gesi yake husukuma kila upande: mbele kwenye kichwa cha risasi, pembeni kwenye kuta, nyuma kwenye kitako cha ganda. Mzigo wa nyuma hubebwa na bolti, chuma kinachoziba chemba kwa nyuma. Hesabu yake si ngumu: shinikizo zidisha kwa eneo la kitako. Risasi ya .303, ile ya bunduki ya Lee-Enfield, ina kikomo cha megapaskali 365 na kitako cha kipenyo cha milimita 11.7, hivyo bolti yaweza kusukumwa kwa uzito wa takriban tani 4. Risasi ya .308 ya wawindaji, ndugu wa karibu wa ile ya 7.62 inayoliwa na bunduki ya G3, ina kikomo cha megapaskali 415, na hesabu hiyo hiyo hukaribia tani 4 na robo tatu. Askari wengi huchanganya msukumo huu na teke la begani. Teke ni la bunduki nzima, na bega hulisikia. Msukumo wa bolti humalizikia kati ya chuma na chuma, na huonekana tu kwa alama unazoacha.

Hata hivyo, ni nadra bolti kuletewa tani zote hizo. Ganda ni la shaba ya manjano, laini kiasi cha kuvimba na kung'ang'ania kuta za chemba wakati shinikizo liko juu. Kadiri linavyong'ang'ania, ndivyo bolti inavyopunguziwa mzigo, na hapo ndipo umbo la chemba linapoingia kazini. Ganda la .303 hupungua kwa milimita 1.5 kutoka kitakoni hadi begani, la 7.62 ya G3 hupungua kwa milimita 0.4 tu. Kuta zilizosimama wima hushika. Kuta zenye mteremko ni kama kabari: ikisogea kidogo tu, imelegea. Mmarekani P. O. Ackley, fundi wa mitutu, alilionyesha hilo kwa Winchester ya modeli ya 94 aliyoichonga chemba yenye kuta zilizonyooka zaidi. Aliondoa hata kifungio cha bolti, akafyatua, na ganda likabaki limeshika chemba. Jaribio hilo ni la kusomwa, si la kurudiwa.

Lakini mteremko una faida yake. Ganda la namna hiyo hutoka kwa urahisi, na chemba ikiingia vumbi la barabara za murram, askari hushukuru. Risasi ya .303 ni ya 1888, enzi ya baruti nyeusi iliyojaza masizi kila mahali. Risasi fupi ya AK nayo ina mteremko, na asiye na kipimo aweza kuutambua kwa kuitazama magazini: imepinda kama ndizi kwa sababu risasi za kitako kipana na bega jembamba haziwezi kupangwa zikanyooka.

Yote hayo yangebaki ya vitabuni kama si ziwa. Hewa ya Homa Bay ina unyevu mwaka mzima, na Ruma, mbuga ya taifa tangu 1983 katika Bonde la Lambwe, ina nyasi ndefu zinazomlowesha askari hadi kifuani kabla ya saa mbili asubuhi. Doria ya kumlinda korongo, swala aliyebaki Kenya katika bonde hilo peke yake, hurudi na bunduki zilizolowa. Chuma hakikawii kushika kutu, na dawa inayojulikana na kila mtu ni mafuta. Katika kambi moja mafuta yalimiminwa mpaka ndani ya chemba, na risasi zikapanguswa kwa kitambaa kile kile. Waliofanya hivyo walikuwa wasafi kupita wenzao, na ndiyo sababu ilikuwa vigumu kuwakemea.

Mafuta huondoa mshiko. Ganda huteleza nyuma na bolti hubeba karibu kila kitu. Maji ya mvua hufanya vivyo hivyo. Kwenye Lee-Enfield dhara huongezeka, kwa kuwa bolti yake hufungwa kwa nyuma. Chuma chote kati ya kitako cha ganda na vifungio hujibana na kunyumbuka, na ganda hunyumbuka pamoja nacho. Watengenezaji walilijua hilo, ndiyo maana bunduki mpya ilijaribiwa kwa risasi kali iliyo kavu, kisha kwa nyingine iliyopakwa mafuta. Katika kambi ile bolti zilifunguka kwa shida, na maganda yalikuwa na mstari unaong'aa karibu na kitako. Ganda moja lilikuwa limeanza kupasuka hapo hapo.

Jambo la kwanza lilikuwa kupima nafasi ya kitako, yaani nafasi iliyoachiwa kitako cha ganda kati ya bolti na mtutu. Geji ya milimita 1.63 lazima bolti iifungie. Ya milimita 1.88 lazima iikatae. Lee-Enfield Namba 4 ina vichwa vya bolti vya kubadilisha, 0 hadi 3, na fundi mchanga hukimbilia kuweka kikubwa zaidi. Kambini pale geji zote mbili zilijibu sawasawa. Kosa lilikuwa kwenye chupa ya mafuta.

G3 ina mambo yake. Bolti yake haifungwi kabisa. Huchelewashwa na rola mbili, na ganda huanza kurudi shinikizo likiwa bado juu. Kuta karibu wima zingeling'ang'ania hadi likatike, kwa hiyo chemba imechongwa mifereji 12 inayopitisha gesi nje ya ganda na kuliachanisha na kuta. Ganda hutoka na mistari myeusi ubavuni. Mifereji ikijaa masizi, ganda hukwama, na kuongeza mafuta hugeuza masizi kuwa lami. Mifereji hiyo yahitaji brashi yake na subira.

Koo la chemba huathiri shinikizo lenyewe. Likiwa fupi, kichwa cha risasi hukutana na michirizi mapema na shinikizo hupanda. Likiliwa na moto wa risasi nyingi, hurefuka, shinikizo hushuka kidogo na shabaha huharibika.

Utaratibu uliobaki baada ya mabishano marefu ulikuwa huu: mafuta bunduki ikiwa stoo, kitambaa kikavu ndani ya chemba kabla ya doria, risasi zisiguswe na mafuta kamwe. Kila maganda yaliporudi, fundi aliingiza ndani ya kila moja spoki ya baiskeli iliyonolewa na kupindwa ncha, akaivuta polepole kuelekea kitakoni. Pale ncha ilipokwama kwenye mfuo, shaba ilikuwa imekonda, na bunduki iliyolitoa ganda hilo haikutoka stoo siku hiyo.