Kutoka Mandewa hadi Liti

Siku ya mechi, Mandewa huijua mapema. Baada ya Adhuhuri vijiwe vya bodaboda huanza kupungua watu, na vijana wanaokuja darasa la Jumamosi hapa msikitini huanza kuulizana saa kwa minong'ono. Mimi ndiye katibu wa kamati, na daftari la mahudhurio liko mikononi mwangu. Nakiri kwamba kwa muda mrefu niliuona mpira kuwa mshindani wetu. Hata shauri liliwahi kuletwa kikaoni kwamba kila atakayekosa darasa kwa ajili ya uwanja aandikiwe barua kwa mzazi wake. Barua hazikuandikwa. Badala yake, Jumamosi moja niliwaambia watangulize darasa, kisha nikafuatana nao.

Tulikwenda kwa miguu. Mgeni anayeingia Singida kwa basi huyaona majabali kwanza, mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba kuna aliyeyapanga akaondoka bila kumaliza kazi. Sisi wenyeji tunauona upepo. Huvuma kutoka upande wa maziwa, Singidani na Kindai, ukachukua vumbi na kofia za watu. Kando ya barabara akina mama huuza mafuta ya alizeti kwa chupa, asali, vitunguu na kuku wa kienyeji. Njiani yule mdogo kuliko wote aliniuliza, "Ustadh, hii timu mwakani itakuwepo?"

Nilicheka, kisha nikaona swali lake halichekeshi. Kijana huyo ana umri wa miaka kumi na mitatu, na tayari ameshangilia timu tatu za mji huu.

Ya kwanza ilikuwa Singida United, Walima Alizeti, iliyoasisiwa mwaka 1972. Baada ya miaka mingi ya kusahaulika ilirejea Ligi Kuu msimu wa 2017/18, ikiwa na kocha Mholanzi Hans van der Pluijm aliyekuwa ametoka Yanga. Msimu huohuo iliitoa Yanga katika Kombe la Shirikisho kwa mikwaju ya penalti, ikafika fainali. Fainali hiyo ilichezwa Juni 2018 mjini Arusha, katika uwanja unaobeba jina la Sheikh Amri Abeid, malenga aliyetuandikia kanuni za kutunga mashairi na Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Mtibwa Sugar walishinda kwa mabao 3-2. Nawakumbuka watu wazima waliokaa nje ya duka lenye redio, hawanyanyuki, wakati mechi imekwisha zamani. Miaka miwili baadaye timu ikashuka daraja, na kwa watu wengi habari zake zikaishia hapo.

Ya pili ilikuja ikiwa imekwisha kutengenezwa. Klabu iliyoitwa DTB ilipanda daraja mwaka 2022, ikahamia hapa na kuitwa Singida Big Stars. Msimu wake wa kwanza ilimaliza ya nne nyuma ya Yanga, Simba na Azam. Januari 2023 ilicheza fainali ya Kombe la Mapinduzi kule Zanzibar, ikafungwa na Mlandege 2-1. Kisha ikawa Singida Fountain Gate, ikacheza Kombe la Shirikisho la Afrika, ikaiondoa JKU ya Zanzibar na yenyewe kuondolewa na Future ya Misri. Leo inaitwa Fountain Gate tu, na maskani yake yako Babati, mkoani Manyara.

Ya tatu ndiyo tuliyokuwa tukiiendea. Hii ni ile Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya, ambayo Novemba 2022 ilikatisha mwendo wa Yanga wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars. Kwa hiyo Singida imewapa watu wa Manyara timu, na watu wa Mbeya wameipa Singida timu. Wazee wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini nadhani hawakuwa na usajili wa ligi akilini.

Hata hivyo mgeni huyu amefanya kazi ambayo hakuna aliyemtangulia hapa aliifanya. Msimu wa 2024/25 alimaliza wa nne, akacheza fainali ya Kombe la Shirikisho na kufungwa na Yanga 2-0. Septemba 2025, chini ya kocha Miguel Gamondi, aliifunga Al Hilal ya Omdurman 2-1 jijini Dar es Salaam na kutwaa Kombe la Kagame. Kisha akaziondoa Rayon Sports ya Rwanda na Flambeau du Centre ya Burundi, akaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Mwaka huohuo ulifunguliwa pia uwanja mpya, Airtel. Mtu hajengi uwanja mahali anapokusudia kulala usiku mmoja, ndivyo ninavyojifariji.

Uwanja wa zamani ndio ulio moyoni mwangu. Tuliuita Namfua, sasa unaitwa Liti. Jina hilo ni la yule mwanamke wa Kinyaturu ambaye wazee husimulia kwamba aliwakabili Wajerumani huku nyuki wakiwa askari wake. Tulipokaa, niliwasimulia vijana habari zake. Kisha, kwa kuwa mmoja alivaa jezi ya mtumba ya Fenerbahçe, ya siku zile Mbwana Samatta alipokwenda kucheza Uturuki mwaka 2020, nikawasimulia pia habari za Trabzon.

Trabzon ni mji ulio kando ya Bahari Nyeusi, mbali na Istanbul. Mwaka 1967 klabu za mji huo ziliungana zikawa moja, Trabzonspor. Mwaka 1976 ikawa klabu ya kwanza nje ya Istanbul kuwa bingwa wa Uturuki. Baada ya ubingwa wa 1984 ilisubiri miaka 38, hadi 2022, kuupata tena. Katika kungoja huko kote haikubadili mji. Kwetu ubingwa umewahi kwenda Mbeya kwa Tukuyu Stars mwaka 1986, Tanga kwa Coastal Union mwaka 1988, na Morogoro kwa Mtibwa mwaka 1999 na 2000. Tangu hapo haujatoka Dar es Salaam.

"Miaka 38," alirudia yule mdogo, akihesabu kwa vidole. "Nitakuwa na miaka hamsini na mmoja."

"Mimi nitakuwa mzee," nikamwambia.

"Tutakuletea kiti, Ustadh."

Alasiri tuliiswali kabla ya kuingia, kwa kuwa mechi ilianza saa kumi. Jambo lililonikera jukwaani halikuwa kelele, bali vijana wanaotazama simu kuliko uwanja, wakihesabu mikeka yao ya kubeti. Hao hawana timu. Timu yoyote kwao ni namba. Wangu niliwakalisha mbali nao.

Jua lilipoinama tulirudi kwa mwendo wa haraka tuiwahi Magharibi, upepo ukitusukuma mgongoni. Jumatatu nilifungua daftari. Mbele ya majina tisa, safu ya Jumamosi, nimeandika: "Walikuwepo."