Gambuti zangu na kuku 29 wa mama mmoja wa Bugarama

Wengi mmekuwa mkiniuliza maswali juu ya mdondo kwa sababu kiangazi kimekaribia, na nimekwisha kuandika hapa mara kadhaa kuhusu dalili na chanjo. Leo nitapita njia nyingine. Nitawasimulia kosa nililolifanya mimi mwenyewe, afisa mifugo mwenye stashahada, hapa hapa Bugarama. Nimekaa nalo muda mrefu bila kuliandika. Nimeona nikiendelea kunyamaza nitakuwa nawafundisha nusu tu ya somo.

Kuna mama mmoja ninayemheshimu sana kwa ufugaji wake. Jina lake naliacha. Nilianza kwenda kwake nikiwa mgeni katika kata hii, nikidhani naenda kumfundisha. Asubuhi ya kwanza nilifika kabla jua halijapanda. Nilimkuta amesimama mlangoni pa banda, ameshika mlango nusu wazi, anatoa kuku mmoja mmoja kama mwalimu anayeita majina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Subiri kidogo, usinichanganyie hesabu."

Alipomaliza akaniambia kwamba kuku anayetoka wa mwisho ndiye wa kumtazama. Kuku mzima asubuhi ana njaa, anataka kutoka. Anayebaki nyuma ana jambo: ama anataka kuatamia, ama anaumwa. Chuoni nilifundishwa dalili za magonjwa zaidi ya ishirini, lakini hiyo ya mlangoni niliipata kwake.

Kazi zake za siku ni hizi, na mtu asidhani ni ndogo. Saa kumi na mbili anafungua banda na kuhesabu. Binti yake anafagia kinyesi na kukipeleka kwenye shimo la mbolea ya migomba. Chombo cha maji kinasuguliwa kwa majani na majivu, maji mapya yanawekwa, kinahamishiwa kivulini. Kuku wanapewa pumba za mahindi kidogo na maganda ya mihogo yaliyokatwakatwa, kisha wanaachwa watafute wenyewe. Vifaranga wanabaki chini ya tenga pamoja na mama yao kwa sababu ya mwewe. Mchana kuna kuokota mayai, na kila yai linawekewa alama ya mkaa ili la zamani lijulikane. Majivu makavu yanamwagwa kwenye kona wanayopenda kuoga vumbi, ili kupunguza utitiri na viroboto. Jioni, kabla ya jiko kuwashwa, wanahesabiwa tena.

Mwaka ule alikuwa na kuku 34, wakubwa na temba, bila kuhesabu vifaranga. Mfugaji anaelewa maana yake. Kahawa ni ya msimu na fedha yake hupita kwenye mkono wa baba. Kuku ni wa mama. Kuku ndiye daftari na sare za shule, ndiye nauli ya kumpeleka mtoto hospitali usiku, ndiye heshima mgeni akija. Mama yule alikuwa ameshapanga: majogoo sita yatoke mwezi wa nane, fedha yake iende kwenye mabati ya jiko.

Sasa nije kwenye kosa.

Ilikuwa mwezi wa saba, upepo na vumbi. Siku hiyo nilikuwa nimepanga kuchanja kaya chache, na kwake ndiko nianzie. Asubuhi nikapigiwa simu kutoka kitongoji kingine kwamba kuku wanakufa. Nikawasha pikipiki nikaenda. Nilikuta kuku wamesinzia, mabawa yameshuka, kinyesi cha kijani, mmoja shingo imepinda inatazama nyuma. Nilipasua mzoga mmoja. Kwenye tumbo lile dogo lililo juu ya firigisi nikaona vidoa vya damu. Nikasema moyoni, huu ni mdondo.

Nikamweleza mwenye kuku afukie mizoga na asiuze waliobaki. Nikanawa mikono vizuri kwa sabuni. Kisha nikapanda pikipiki, nikaenda moja kwa moja kwa yule mama, na gambuti zile zile miguuni.

Niliingia hadi ndani ya banda lake. Tukachanja kuku wote 34, tone moja kwenye jicho, mimi na binti yake tukishika mmoja mmoja. Tulifurahi. Nikaandika kwenye daftari langu, nikaondoka.

Siku ya tano akanipigia. Alisema neno moja tu: "Njoo." Nilipofika, kumi walikuwa wamekufa na wengine wamesinzia chini ya mgomba. Hadi wiki ikaisha, walikuwa wamekufa 29. Wakabaki watano: mitetea minne na jogoo mmoja.

Hakupiga kelele. Aliniketisha kwenye kigoda akaniuliza, "Bwana mifugo, siku ile ulitoka wapi kabla ya kuja hapa?"

Nilimjibu jibu la kitaalamu. Nikasema chanjo haifanyi kazi siku hiyo hiyo, kuku anahitaji wiki moja hadi mbili kujenga kinga. Nikasema huenda kuku wake walikuwa wameshaambukizwa kabla sijafika, maana jirani yake alikuwa amenunua kuku gulioni wiki ile. Yote hayo ni kweli. Kirusi cha mdondo huweza kukaa mwilini siku mbili hadi kumi na tano kabla dalili hazijaonekana, na mara nyingi ni kama siku tano au sita. Lakini swali alilouliza sikulijibu. Sikutaja gambuti.

Nilirudi nyumbani sikulala vizuri. Mpaka leo siwezi kuthibitisha kwamba ni mimi niliyeuleta ugonjwa, wala siwezi kusema si mimi. Nilichojua ni kwamba ningemkuta mfugaji amefanya nilivyofanya, ningemgombeza mbele ya watu.

Baada ya siku nne nilirudi. Nikamwambia: "Mama, siku ile nilitoka kwenye kuku wagonjwa. Nilinawa mikono, sikuosha viatu. Nisamehe." Alinyamaza kitambo, kisha akasema maneno ambayo sikuyatarajia. "Kuku wamekwisha kufa. Shida yangu sasa ni hawa wenzangu. Mimi ndiye niliyewashawishi wakubali chanjo. Sasa wanasema dawa yako ndiyo imeua. Nawaambia nini?"

Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa kosa. Kuku 29 ni hasara ya kaya moja. Lakini kijiji kikiamini kwamba chanjo inaua, hasara ni ya kila kaya, tena kwa miaka. Na nilipofuatilia nikakuta kweli kaya nyingi zilizokuwa kwenye orodha yangu zimejitoa.

Nikaomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji. Nilisimama na kusimulia kama nilivyosimulia hapa. Wapo waliocheka, yupo mzee aliyesema bora nisingesema. Lakini nilieleza tofauti: chanjo haileti mdondo, ila mchanjaji mchafu anaweza kuuleta, na kuku ambaye ameshaambukizwa chanjo haiwezi kumwokoa. Nilipokaa, mama yule akasimama akasema, "Mimi ndiye niliyefiwa na kuku, na raundi ijayo nitachanja. Ila atachanja kwa masharti yangu." Masharti hayo ndiyo tunayoyatumia hadi leo, na nitayaorodhesha hapa chini.

Nilimnunulia mitetea miwili kwa fedha yangu. Nilidhani ataiingiza bandani kwa furaha. Akaichukua, akashukuru, akaifungia nyuma ya jiko, mbali na wale watano.

"Mama, hawa ni wazima, nimewakagua mwenyewe."

"Najua. Hata wako nawatenga wiki mbili."

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu, na ilikuwa sahihi.

Kurudi pale alipokuwa hakukuwa kwa haraka. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai kumi na kitu, anaatamia siku 21, kisha analea. Kwa wale wa kwanza, mayai kumi yalitoa vifaranga tisa, mwewe akachukua mmoja, baridi ikaua wawili, wakabaki sita. Ilimchukua zaidi ya mwaka mmoja kuvuka kuku thelathini. Mabati ya jiko yalisubiri.

Ndugu mfugaji, haya ndiyo ya kushika:

1. Mdondo, wengine wanauita kideri, unaletwa na kirusi. Wataalamu huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ambako uliripotiwa mwaka 1926. Hauna dawa ya kutibu. Pilipili, shubiri, na vile vidonge vya rangi vya dukani haviui kirusi. Usipoteze fedha hapo. Kuku wasiochanjwa wanaweza kufa karibu wote.

2. Chanja kuku wakiwa wazima, na kabla ya kiangazi. Chanjo ya I-2 ilitengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na hapa nchini inazalishwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, lakini haimaanishi uiache juani. Tone moja kwenye jicho moja, kwa kuku wa umri wowote, kisha rudia kila baada ya miezi mitatu. Sisi tumechagua mwezi wa pili, wa tano, wa nane na wa kumi na moja ili kila mtu akumbuke.

3. Chupa moja ina matone mengi kuliko kuku wa kaya moja, na ikishachanganywa itumike siku hiyo hiyo. Kwa hiyo changieni kwa vikundi, mchanje siku moja. Kaya moja ikibaki nyuma, ugonjwa unapata mahali pa kukaa.

4. Masharti ya yule mama: tunachanja alfajiri kabla banda halijafunguliwa. Mwenye nyumba anakamata kuku wake na kumleta mlangoni, mchanjaji haingii bandani. Kila kaya inaweka beseni la maji ya sabuni ya unga na brashi, viatu vinasuguliwa wakati wa kuingia uani na wakati wa kutoka. Kama mchanjaji ametoka kwenye kuku wagonjwa, siku hiyo haendi popote pengine. Muulize bila aibu: "Umetoka wapi?"

5. Kuku mgeni, awe wa kununua, wa zawadi au aliyerudi gulioni bila kuuzwa, atengwe wiki mbili. Chombo chake cha maji kiwe chake.

6. Kuku akifa kwa ugonjwa, chimba shimo refu umfukie au mchome moto. Usimtupe kwenye migomba, mbwa atambeba hadi kwa jirani. Ukimchinja mgonjwa, manyoya na utumbo vinabeba kirusi kile kile.

Kwa ndugu zangu wachuuzi wa kuku, nanyi nina neno. Ninajua ugonjwa ukiingia kijijini watu huwauzia kwa bei ya kutupa, na bei hiyo inavutia. Lakini kuku mmoja mgonjwa kwenye tenga lako atawaambukiza wenzake kabla hujafika sokoni, na baiskeli yako itapita vitongoji vitatu ikiacha kinyesi njiani. Siwalaumu peke yenu, mmeona mimi mwenyewe nilivyofanya kwa pikipiki ya kazi. Osha tenga kwa sabuni kila ukishusha kuku, lianike juani, na usiwachanganye kuku wa kijiji chenye vifo na wengine. Mchuuzi ambaye kuku wake hawafi mikononi mwa mnunuzi, gulioni atatafutwa kwa jina.

Mimi nina brashi sasa, imefungwa kwenye kerio ya pikipiki pamoja na kopo la sabuni ya unga. Watoto wa Bugarama wakiniona nimeinama nasugua viatu kwenye njia ya kuingia uani, hucheka na kuitana waje waone. Waacheni wacheke, ila kama siku moja nitafika kwako sijasugua, usinikaribishe ndani.

Raundi ya mwezi wa tano iko njiani. Viongozi wa vikundi waniletee idadi ya kuku wa kila kaya mapema, ili niagize chupa za kutosha. Mwenye swali anipate ofisi ya kata, au anisimamishe barabarani.