Mcheza Kwao Hutuzwa: Fanani, Hadhira na Fedha katika Ufuo wa Luanda Kotieno

Methali isemayo "Mcheza kwao hutuzwa" imezoeleka kufasiriwa kuwa ni sifa kwa jamii inayowaenzi wasanii wake. Ni nadra kiambishi *hu-* kilichomo katika kitenzi chake kuangaliwa. Kiambishi hicho ni cha mazoea: methali haisemi kwamba mcheza kwao alituzwa jana au atatuzwa kesho, bali kwamba kutuzwa ni kawaida isiyokatika. Kwa fanani asiye na mshahara, asiyeajiriwa na redio wala wizara, suala zima la riziki limo katika silabi hiyo moja. Je, tuzo ya hadhira yaweza kuwa ya mazoea, au ni ya bahati tu?

Swali hilo lafaa kuulizwa Luanda Kotieno, ufuo wa Uyoma katika Kaunti ya Siaya, ambako feri huvusha abiria kwenda Mbita na mashua za uvuvi huegesha. Wenyeji wa hapo ni Wajaluo, na miongoni mwa fani zao kongwe ni uimbaji wa nyatiti, ala ya nyuzi nane. Mpigaji huketi juu ya kigoda, njuga zikiwa mguuni, na pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu ikigonga ala ili kushika mapigo. Fedha zake huingia hasa kwa njia ya *pakruok*, yaani majigambo. Msikilizaji hutoa fedha, na muziki hunyamaza au hufifia ili apate kujisifu, autaje ukoo wake, rafiki zake na wakwe zake. Mwingine naye hulipa ili amjibu au amnyamazishe. Kisha wimbo huendelea.

Mhakiki akilichunguza tukio hili atabaini kwamba fedha si jambo lililo nje ya matini. Malipo ndiyo yanayoukata wimbo vipande, yanayorefusha usiku na yanayoigeuza hadhira kuwa fanani kwa muda. Pwani nako kuna mfano unaokaribiana na huu. Katika taarabu, msikilizaji huinuka, akaenda akicheza hadi kwa mwimbaji, akamtuza katika ubeti ambao angependa mahasimu wake wausikie. Maneno ni ya mtunzi, lakini kwa dakika ile mwenye noti ndiye msemaji. Kwa hiyo, anayeuliza jinsi fanani atakavyolipwa anauliza pia ni fasihi ya namna gani itakayotungwa.

Hapa ndipo penye hatari. Katika benga na ohangla, jina la mlipaji huweza kuingizwa ndani ya wimbo wenyewe. Wimbo wa sifa hupata mnunuzi upesi. Wimbo wa kukosoa humkosa. D. O. Misiani, gwiji wa benga aliyefariki mwaka 2006, aliyaweka yote mawili katika kazi yake: sifa za watu na mafumbo juu ya watawala. Mafumbo hayo yalimletea matatizo na dola, na ni vigumu kumfikiria tajiri ambaye angelipa ili jina lake litajwe ndani yake.

Aidha, tuzo ya papo kwa papo haitabiriki. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa mwanga wa taa zinazowavuta samaki. Mwezi unapokuwa mpevu, taa hizo hazifui dafu na mashua nyingi hupumzika. Mfuko wa hadhira hufuata mwezi, na mfuko wa fanani hufuata mfuko wa hadhira. Lakini mvuvi ana nafuu moja: kasia halimlishi kila usiku, ila anazijua siku ambazo halitamlisha. Fanani hana kalenda ya namna hiyo.

Kuhama nako si dawa. Ayub Ogada, mpiga nyatiti aliyezaliwa Mombasa, alikwenda London katika miaka ya 1980 akapiga ala hiyo mitaani mbele ya wapita njia, kabla ya albamu yake *En Mana Kuoyo* kutolewa mwaka 1993. Aling'ara ugenini kuliko wengi waliobaki, naye alirudi akafia kwao mwaka 2019. Hata hivyo, sarafu ya mpita njia ni tuzo isiyo na *hu-*, kwa kuwa aliyeitoa hana ahadi ya kurudi kesho. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo huulinda muziki uliokwisha kuandikwa au kurekodiwa. Usiku wa pakruok, ambao thamani yake imo katika kutorudiwa, haunufaiki sana na ulinzi huo.

Historia ya Unguja inatoa funzo. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliulea muziki wa Kimisri katika kasri yake. Ulezi huo ulikuwa wa fahari, lakini ulitegemea pumzi ya mtu mmoja. Mwaka 1905 watu wa mjini waliasisi Nadi Ikhwan Safaa, chama cha wanachama, na chama hicho kimeishi zaidi ya karne moja, kikivuka usultani, ukoloni na mapinduzi. Kasri ilitoa kwa ukarimu. Chama kilitoa kwa mazoea.

Ufuoni Luanda Kotieno, chama si dhana ngeni. Wachuuzi wa samaki, wenye mashua na waendesha bodaboda huchangishana kwa zamu. Tuchukue mfano wa hesabu tu: wasikilizaji 60 wakitoa shilingi 100 kila mwezi, fanani hupata shilingi 6,000. Tajiri mmoja aweza kuzitoa hizo usiku mmoja. Kiasi ni kile kile, lakini wasikilizaji 10 wakijitoa, hubaki shilingi 5,000. Tajiri akinuna, hakibaki kitu. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, hata mzaliwa wa Uyoma aliyeko Nairobi aweza kuwa mmoja wa hao 60.

Pingamizi moja lastahili kujibiwa. Yamkini watu 60 watageuka bwana mwenye vichwa 60, wakidai wimbo ule ule wa mwaka jana. Ndiyo maana mchango wa mwezi haufai kununua wimbo wala jina. Ununue usiku, yaani ahadi kwamba fanani atakuwapo siku fulani na kupiga atakacho. Pakruok ibaki mahali pake, kama kitoweo. Chakula chenyewe kiwe mchango.

Kijana wa ufuo huo anayejifunza nyatiti leo hulinganisha ala na kasia, na mara nyingi kasia hushinda. Kinachomshinda si uchache wa wapenzi wa nyatiti, maana usiku wa matanga wapenzi hao hujaa hadi alfajiri, noti mkononi. Kinachomshinda ni asubuhi inayofuata. Methali imekwisha kutoa ahadi kwa niaba ya hadhira, na ni juu ya hadhira kuitimiza silabi yake ya kwanza.