Hakuna "Selimundu Kidogo"

Posa ya binti wa marehemu kaka yangu ilipopokewa, mimi nikiwa walii wake, niliomba jambo moja kabla ya kupanga siku ya nikaha: vijana wote wawili wapime selimundu. Katika ukoo wetu tumekwisha kuzika watoto wawili kwa maradhi hayo. Wenzetu wa upande wa pili walikubali, Alhamdulillahi.

Mtihani tuliupata kwa wahudumu. Muuguzi wa kwanza aliuliza mtu mzima mwenye afya apimwe selimundu ya nini. Wa pili alimwambia binti kuwa ana "selimundu kidogo", mtoto wa watu akatoka analia. Daktari, baada ya kuona kijana naye amekutwa hivyo hivyo, alitamka neno moja: "Achaneni."

Selimundu kidogo haipo. Mtu hurithi kinasaba kimoja kwa baba na kimoja kwa mama. Aliyerithi kimoja tu cha selimundu ni mbebaji, wala si mgonjwa. Tena kinasaba hicho humkinga kwa kiasi na malaria kali, ndiyo maana kimeenea mno katika nchi zetu. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mgonjwa, 50 wa mbebaji, na 25 wa mtoto asiyekuwa nacho kabisa. Nasema kila mimba, kwani wapo wanaodhani akishazaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika.

Haya alitufafanulia mzee mmoja wa maabara, mtu mpole. Ndiye aliyerudia kipimo kwa kutenganisha hemoglobini kwa umeme, maana kile cha haraka huonyesha kuwa kinasaba kipo, lakini hakimpambanui mbebaji na mgonjwa.

Saudi Arabia iliufanya upimaji huu kuwa sharti kabla ya ndoa tangu mwaka 2004. Hata huko majibu hayazuii akidi: wachumba hupewa nasaha, kisha huamua wenyewe. Wahudumu wetu, kwa nionavyo, ama hupuuza ama huhukumu. (Nasi mawalii hatujambo kwa kuhukumu.)

Vijana wameswali istikhara na kuomba miezi miwili ya kutafakari. Mama wa kijana amekwisha kunipigia simu mara tatu, akiuliza kama binti yetu anafichwa ugonjwa. Kila mara humsomea asilimia zile zile, kisha humkumbusha kuwa mwanawe naye anacho.